Milima ya Upare katika Mstari Mmoja wa Desa

Mei ikikaribia, shule zetu za kidato cha tano na sita huingia katika kipindi ambacho wanafunzi wenyewe hukiita cha msuli. Taa hazizimwi. Madesa yanatolewa nakala hadi herufi zinafifia, mitihani ya miaka iliyopita inajibiwa na kujibiwa tena, na mwalimu wa tuisheni anayesifika kwa kubashiri maswali hupata wateja kuliko mganga. Miongoni mwa mitihani inayongojewa ni Jiografia, namba 113 katika orodha ya Baraza la Mitihani. Ndani ya karatasi yake ya kwanza imehifadhiwa karibu jiolojia yote ambayo kijana wa Kitanzania hufundishwa kabla ya chuo kikuu: muundo wa dunia, aina za miamba, nguvu zinazoinua milima na zile zinazoibomoa, udongo, maji ya ardhini, maporomoko.

Somo linaloitwa Jiolojia hatunalo sekondari. Idara ya serikali ya kupima miamba ya Tanganyika ilianzishwa mwaka 1925, na leo mrithi wake, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, yuko Dodoma na ramani za jiolojia zilizochorwa karatasi kwa karatasi tangu enzi za ukoloni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Idara ya Jiolojia mwaka 1974. Baina ya taasisi hizo na mtoto aliyeko darasani kuna nusu ya somo moja, na nusu hiyo tumeikabidhi kwa desa.

Nimechagua kuizungumza habari hii kwa kusimama Same, kwa kuwa hapo aibu yetu inaonekana bila msaada wa darubini. Katika madesa ya Jiografia, Milima ya Upare hutajwa mara moja. Hutajwa chini ya kichwa cha milima bloku, yaani milima iliyoinuliwa baina ya nyufa kuu za ardhi, na hutajwa kama mfano: Usambara, Uluguru, Upare. Majina matatu na mikato miwili. Mwanafunzi anayesoma Same, ambaye akiinua uso tu dirishani ataukuta ukuta wa mlima umejaa kiunzi chote cha dirisha, huinamisha uso tena na kukariri mstari huo, kisha huendelea na Vosges na Black Forest, milima ya Ulaya inayotazamana ng'ambo na ng'ambo ya bonde la Rhine. Hiyo huikariri kwa bidii zaidi, kwa sababu amesikia kwamba wasahihishaji huipenda.

Hoja yangu ni kwamba maandalizi ya aina hii hayastahili kuitwa udhaifu wa ufundishaji, jina ambalo warsha zetu hulipenda kwa kuwa halimkeri mtu. Huu ni uamuzi wa kisiasa. Kuna watu waliokaa mezani wakaamua, kwa kutenda au kwa kunyamaza, kwamba mwenyeji wa nchi hii anaweza kufuzu elimu ya ardhi bila kuijua ardhi yake. Na uamuzi huo unagharimu fedha, maji na roho za watu.

Tuanze na kile kinachopotea pale dirishani. Msafiri atokaye Korogwe kwenda Moshi husafiri saa nzima na zaidi akiwa na milima mkono wake wa kulia. Haipandi polepole kama mtu anavyotarajia mlima upande. Tambarare inakuja, inakuja, kisha ghafla inasimama wima. Ukingo huo umenyooka kiasi kwamba hata asiyesoma hujiuliza ni kisu gani kilichokata. Kisu ni ufa. Upande mmoja wa ufa uliinuka, upande wa pili ukashuka, na mto Pangani ukajipatia njia katika nchi iliyobaki chini. Miamba iliyoinuliwa si ya volkano. Ni miamba geu: naisi na jamaa zake, yenye mistari myeupe na myeusi kama kikoi, iliyopikwa na kukandamizwa ndani ya kina kirefu zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, wakati mabara ya kale yalipogongana. Mshipa huohuo wa miamba ya kale ndio uliobeba tanzanaiti ya Mererani, kule ng'ambo ya tambarare. Kilimanjaro, ambayo siku isiyo na mawingu huonekana kaskazini ikiwa na theluji yake na fahari yake yote, ilianza kumwaga moto takribani miaka milioni mbili na nusu iliyopita tu. Mbele ya Upare ni kitoto kichanga kilichovishwa kofia nyeupe.

Kijana wa Same amezungukwa, basi, na vitu vyote vitatu ambavyo mtihani utamuuliza. Miamba geu iko mlimani. Miamba ya volkano iko upeoni. Na mashapo yako chini ya miguu yake, tambarare, mahali ambapo maji ya mlimani hushuka, hukauka na kuacha alichobeba. Ni maabara ambayo vyuo vya nchi tajiri hulipia ndege kuwapeleka wanafunzi wao. Sisi tunayo bure, na tunafunga pazia ili watoto wasome.

Nendeni Makanya, wilaya hiyohiyo. Huko huchimbwa jasi, madini meupe yaliyoganda katika udongo wa juu wa nchi kame, maji yenye chumvichumvi yalipopigwa na jua mwaka baada ya mwaka. Jasi hiyo hupakiwa katika malori, hupita barabara kuu na huenda kwenye viwanda vya saruji. Huko husagwa pamoja na klinka, asilimia chache tu, ili saruji isigande kabla fundi hajainyanyua kwa mwiko. Bila jasi hakuna saruji tuijuayo. Darasa analokalia yule mwanafunzi, sakafu yake na linta yake, huenda vina chembe za Makanya. Malori hayo yanapita mbele ya shule zetu wakati somo la miamba mashapo linaendelea. Katika desa, mfano wa mwamba mashapo unaotokana na ukaukaji wa maji upo, na mara nyingi ni wa mbali.

Mtu ataniuliza: na akijua jasi imetoka wapi, atapata nini? Nitamjibu kwa sheria. Sheria ya Madini ya mwaka 2010, kwa marekebisho ya mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni aandae mpango wa wajibu wake kwa jamii na akubaliane na mamlaka ya serikali ya mtaa husika. Mpango huo unafika mbele ya madiwani na watendaji. Hao ni nani? Ni wahitimu wetu. Ni vijana walewale waliopata alama nzuri kwa kuorodhesha aina tatu za miamba, na sasa wanatakiwa waulize maswali ambayo desa halikuyafundisha: tabaka lina unene gani, litakwisha lini, shimo lililobaki litajazwa na nani, maji ya mvua yatakayosimama humo yatanyweshwa ng'ombe wa nani. Watumishi wenzangu wa umma, mnajua kinachotokea katika vikao vya namna hiyo. Mtaalamu wa kampuni hufungua kompyuta, huonyesha ramani ya rangi, na ukumbi mzima hutikisa kichwa kama darasa. Baada ya hapo huombwa madawati.

Madawati si kitu kibaya. Lakini haya ni mazungumzo baina ya mtu anayeijua ardhi na mtu aliyekariri kwamba ardhi ipo.

Kuna jambo zito kuliko jasi. Novemba 2009, mvua kubwa ilinyesha upande wa mashariki wa Upare ya Kusini, na huko Goha, Mamba Miamba, mlima uliporomoka juu ya nyumba za watu. Walikufa zaidi ya watu 20. Maporomoko ya ardhi yamo katika mtihani. Mwanafunzi huulizwa aina zake na sababu zake, na hujibu kwa ufasaha: mteremko mkali, maji kujaa katika udongo, kuondolewa kwa uoto, kukatwa kwa kitako cha mlima kwa ajili ya barabara au kiwanja cha nyumba. Kila neno katika orodha hiyo ni kweli. Kila neno lina anwani yake katika Upare. Lakini ni shule ngapi za wilaya zimewahi kuwatoa wanafunzi wakapande mlima siku moja, waandike ni nyufa gani zimeonekana juu ya mashamba, chemchemi ipi imehama, mti upi umeinama kuelekea bondeni ilhali zamani ulisimama wima, nyumba zipi zimejengwa kwenye njia ambayo tope lilikwisha kupita? Hayo ndiyo mambo anayoyatazama mwanajiolojia wa maporomoko kabla hajafungua chombo chochote cha gharama. Yanahitaji macho, daftari, na mzee wa kijiji wa kuulizwa maswali.

Desemba 2023 tulipata funzo lingine, safari hii kule Katesh, chini ya Mlima Hanang. Tope lilishuka na kuua zaidi ya watu 80. Kabla wafu hawajazikwa, simu za nchi nzima zilijaa habari kwamba volkano imelipuka, na serikali ikalazimika kutoa tamko kwamba hakukuwa na mlipuko wowote: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikazidiwa, ikameguka. Katika makundi ya simu niliyomo mimi, waliokuwa wakisambaza habari ya mlipuko hawakuwa watu wasiosoma. Walikuwa na vyeti. Baadhi wanafundisha. Walikuwa wamekariri kwamba Hanang ni mlima wa volkano, jambo ambalo ni sahihi, na kwa kuwa desa liliishia hapo, na wao waliishia hapo. Jibu la kweli ndilo lililowapoteza, kwa kuwa lilikuwa limekatwa mizizi.

Sasa niguse lugha, ingawa najua kuna wasomaji watakaosema hili limeshazungumzwa vya kutosha. Limezungumzwa vya kutosha na halijatendwa. Mtoto wa Upare husikia Chasu nyumbani. Shule ya msingi hufundishwa kwa Kiswahili, na huko hupata maneno yanayosimama kwa miguu yao: mwamba, mmomonyoko, mashapo, Bonde la Ufa. Anajua ufa ni nini kwa sababu ameuona ukutani kwao. Akiingia kidato cha kwanza huambiwa ayaweke chini maneno hayo na aanze upya. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifungua mlango kidogo kwa Kiswahili kutumika ngazi za juu. Toleo lake la mwaka 2023 likaurudisha mlango kwa kukiacha Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia sekondari.

Kichekesho ni kwamba maneno mengi anayokariri si ya Kiingereza pia. Nchi iliyoinuliwa baina ya nyufa wanaiita horst, na iliyodidimia wanaiita graben. Yote mawili ni Kijerumani, na la pili maana yake ni handaki tu. Waingereza waliyachukua yalivyo, hawakuona haya. Neno inselberg, yaani mlima kisiwa, lile ambalo kila mwanafunzi wa Jiografia lazima alieleze na kulichorea picha, lina historia inayotuhusu zaidi. Lilitungwa na Mjerumani Wilhelm Bornhardt na kuchapishwa mwaka 1900, baada ya yeye kuizunguka nchi iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani na kuvishangaa vilima vya mawe vinavyochomoza peke yake katika tambarare za kusini. Alisimama katika ardhi yetu, akakiona kitu chetu, akakipa jina la kwao, na leo mtoto wetu hulipa ada ili afundishwe jina hilo na kulisahihishiwa tahajia. Simlaumu Bornhardt, alifanya kazi yake. Swali ni letu sisi. Wenyeji waliomwongoza njia walikuwa na majina ya vilima vile. Nani aliyaandika? Baada ya uhuru tulikuwa na baraza la lugha, vyuo na taasisi za mitaala. Nani alitumwa?

Upare hasa isingekosa cha kuandikwa. Washana wa Ugweno, Upare ya Kaskazini, walikuwa wahunzi ambao sifa zao zilivuka hadi Uchagani. Chuma chao hakikutoka melini. Walikusanya mchanga mweusi wenye chuma ulioachwa na vijito, wakauosha, wakauyeyusha kwa mkaa na mivukuto. Mtu anayejua ni kijito gani, na ni kipinda gani cha kijito hicho, kinachotua mchanga mzito baada ya mvua, anajua namna maji yanavyochambua madini kwa uzito, na sura hiyo imo katika mtihani. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwenyewe mzaliwa wa Upare, alikaa na wazee akaandika historia ya siasa za Wapare, kitabu kilichochapishwa mwaka 1969. Alionyesha kwamba simulizi za wazee ni chanzo cha elimu kinachostahimili uchunguzi wa chuo kikuu. Wanahistoria walimsikia. Watunga mitaala ya Jiografia, inaelekea, walikuwa chumba kingine.

Na kuna ndiva. Anayepanda kutoka Makanya au Mwembe kuelekea milimani atazikuta: mabwawa madogo yaliyojengwa kwa mawe na udongo, yanayojazwa usiku kutoka kijito na kufunguliwa mchana ili maji yashuke kwa mifereji hadi mashambani, kwa zamu ambayo kila ukoo unaifahamu na kuigombania. Kuchagua mahali pa kujenga ndiva ni kuchagua udongo usiovuja, mwamba utakaobeba uzito, na mteremko usiozidi wala kupungua. Kuitunza ni msaragambo, na asiyefika msaragambo hujua faini yake. Mwanafunzi aliyezibua mfereji huo tangu utotoni hukaa katika mtihani na kuulizwa kuhusu mwendo wa maji ardhini, akaandika kuhusu visima vya chemchemi vya Australia, kwa kuwa ndivyo vilivyomo kitabuni. Mwalimu Nyerere alilisema jambo hili mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea: kwamba shule tulizorithi zinamfundisha mtoto kuamini elimu yote imo vitabuni na kuudharau ujuzi wa wazee wake. Kila mwaka tunaadhimisha maisha yake kwa makongamano. Mtihani umeendelea kumpinga kimyakimya.

Nazifahamu hoja za upande wa pili, na zipo zenye uzito. Mtihani ni wa taifa, wanasema; huwezi kumuuliza mtoto wa Kagera habari za Makanya. Sawa. Lakini mtihani huohuo unamuuliza mtoto wa Kagera habari za Rhine bila kusita, na mtoto wa Makanya habari za vilima vilivyoachwa na barafu katika nchi ambazo hatapewa viza. Kama umbali ungekuwa tatizo, Ulaya ingekuwa ya kwanza kuondoka. Isitoshe, swali la taifa halilazimiki kuwa na jibu moja la taifa. Linaweza kumtaka kila mtahiniwa aeleze umbo la nchi analoliona karibu na shule yake na athibitishe kwa ushahidi lilivyofanyika. Wa Bukoba ataandika yake, wa Lindi yake.

Wanasema pia hakuna bajeti. Hoja hii inafaa kwa maabara ya kemia. Kwa mlima haifai, kwa sababu mlima hauagizwi kwa zabuni. Nyundo moja, chupa ya siki ya kupima chokaa, dira, na karatasi ya ramani ya eneo. Ukitaka kujua tulivyo na ubahili mahali pasipostahili, litazame swali la kusoma ramani. Ramani zetu za vipimo vya 1:50,000 zimechapishwa kwa rangi, mistari ya kontua kwa kahawia na mito kwa buluu, ili jicho litenganishe mlima na maji. Shule nyingi hufanyia mazoezi nakala ya nakala, nyeusi na nyeupe, ambamo mto na kontua ni uzi mmoja. Mwanafunzi anafunzwa kuyasoma maumbile kwa karatasi iliyoyafuta, wakati maumbile yenyewe yako nje ya uzio. Na ramani hiyo huwa ya mahali pengine. Nimekutana na wahitimu wa Same waliokwisha kuchora mkato wa vilima vya mikoa minne, na hawajawahi kuishika karatasi ya Same mkononi.

Walimu nawatetea. Mwalimu hupimwa kwa ufaulu, na ufaulu huletwa na desa. Atakayetumia Jumamosi ya Machi kuwapandisha watoto kwenda Mbaga ataulizwa na mkuu wake kwa nini hakumaliza mada. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, na nililipongeza. Lakini ngazi za chini bado zinapanga, zinalinganisha na kuwaita watu kujieleza kwa wastani wa wilaya. Ukiacha kutangaza mashindano huku ukiendelea kuyasimamia, wachezaji hawapumziki.

Hivyo siwaombi walimu wawe mashujaa. Naitaka Wizara na Baraza wabadilishe kinacholipwa alama. Kazi ya nje ya darasa, katika Jiografia ya kidato cha sita, iwe na alama za kweli ambazo mtu asipozipata hawezi kupata daraja la juu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 tuliwahi kuyapa maendeleo ya mwanafunzi shuleni uzito mkubwa katika matokeo ya mwisho, hatuanzi sifuri. Taasisi ya Jiolojia itoe karatasi ya ramani ya eneo kwa kila sekondari ya eneo hilo, bila malipo. Vyuo vikuu, navijumuisha vyetu, viache kupeleka wanafunzi wa mafunzo ya vitendo mgodini peke yake. Wiki moja katika sekondari ya kata ingewafaa wote wawili. Na Kiswahili kiruhusiwe kama lugha ya kujibia sehemu hiyo ya kazi ya nje, ili tusikie angalau mara moja watoto wetu wanaona nini.

Kwenu wanaharakati mnaoipigania ardhi ya vijiji na kuandika matamko kuhusu rasilimali: somo hili limekuwa likiwapita. Mnafika Makanya shimo likiwa limekwisha kuchimbwa. Same ina kumbukumbu nzuri ya watu wanaouliza. Mwaka 1945 wananchi wa Upare walishuka kutoka milimani wakajazana mjini hapo kuikataa kodi ya mbiru, kwa kuwa hawakuelezwa inakadiriwaje, na walikaa. Hawakuwa na shahada. Walikuwa na swali na hawakuondoka nalo.

Kwenu wanafunzi mnaongojea Mei, najua hamna nafasi ya kungojea Wizara. Someni madesa yenu. Sitawadanganya kwamba mtafaulu bila hayo. Lakini Jumapili moja, watatu au wanne, pandeni. Chukueni jiwe katika mfereji wa barabara, mlivunje, mtazame mistari yake. Hilo ni naisi, na halisahauliki. Simameni mahali ambapo tambarare inagota mlima, mjiulize kwa nini upande wa Gonja na Maore unapata mvua huku Same mjini watu wamenunua maji kwa ndoo miaka nenda miaka rudi, mpaka yakalazimika kuvutwa kwa bomba kutoka Nyumba ya Mungu. Rudini mwandike aya moja, kwa lugha yoyote inayokuja. Mkikutana na swali la milima bloku katika chumba cha mtihani, mtakuwa na mfano ambao msahihishaji hajauona mara elfu asubuhi hiyo.

Na kwa kuwa watunga mitihani husema ni rahisi kulalamika, ni vigumu kutunga, nawatungia. Hili ni swali la alama ishirini: Simama katika stendi ya mabasi ya Same utazame mashariki. Chora unachokiona. Eleza ukuta huo wa mlima ulitokeaje, umeundwa kwa miamba ya aina gani, na toa ushahidi mbili unaoweza kuguswa kwa mkono. Kisha eleza ni wapi katika mteremko huo usingemshauri ndugu yako ajenge nyumba, na kwa nini. Mahali pa jina la Same, kila shule iweke la kwake. Msahihishaji asiyeamini majibu ya huku anaweza kupanda gari la Mbaga kupitia Mwembe. Barabara imechongwa ndani ya mwamba wenyewe, na kila kona ina jibu.